Shajara ya mende: chakula hai cha samaki na kuku kwenye baridi ya Mbeya

Naandika kwa ajili ya mtu wa Mbeya, Njombe, Makete au Mafinga anayefuga samaki wa tangi au kuku na anataka kuwapa chakula kilicho hai bila kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Maelekezo mengi ya kuzalisha mende yametolewa na watu wa sehemu za joto. Ukiyafuata yalivyo hapa Uyole, Mbeya, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, utabaki na ndoo ya mende wanaokula tu bila kuzaa. Ninaowalisha ni oska wawili, samaki wakubwa wa mapambo, kwenye tangi la kioo sebuleni, goldifishi kwenye tangi dogo, kambale kwenye simtanki iliyokatwa nje, na kuku wa kienyeji pamoja na vifaranga vyao. Nitaongeza maelezo kila hatua inapokamilika.

10 Februari 2024: Kuchagua mende

Usikamate mende wa nyumbani. Hilo nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloua samaki wa watu. Nyumba nyingi hupuliziwa dawa za jamii ya pairethroidi, kama sipamethrini, na mende aliyeigusa anaweza kuendelea kutembea kwa muda kabla hajafa. Dawa hizi ni kali kwa samaki kuliko kwa kuku au binadamu, na kiasi kidogo sana kwenye maji kinatosha kumaliza tangi zima. Mende wa chooni na wa mfereji pia hubeba vimelea vya salmonela na mayai ya minyoo. Kuku nao wana minyoo yao ya macho, ambayo hupitia kwanza kwenye mwili wa mende wanaoishi kwenye udongo na mbolea ndipo imfikie kuku anayewala.

Kuna mende wa aina tatu nilioweza kuwapata huku. Wa kwanza ni yule mkubwa mwekundu wa mashimo ya majitaka, anayeitwa mende wa Amerika ingawa asili yake ni Afrika. Anafika sentimita 4 na samaki wakubwa wanampenda. Lakini ana mbio, anapanda kioo, joto likizidi anaruka, na kutoka yai hadi kukomaa humchukua miezi 6 hadi mwaka, kwenye baridi hata zaidi. Wa pili ni yule mdogo wa jikoni anayesafiri na mabasi ya mikoani, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Anakua haraka, na jike mmoja hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40. Huyu sikutaka hata kumwingiza ndani. Akitoroka anahamia jikoni kwako na kwa jirani, na dawa nyingi hazimwui tena kwa sababu ameshajenga usugu.

Niliyemchagua ni wa tatu, mende wa rangi ya majivu anayependa maghala ya chakula cha mifugo. Jina lake la kisayansi ni *Nauphoeta cinerea* na asili yake ni Afrika Mashariki. Ana urefu wa sentimita 2.5 hadi 3, mabawa yasiyofunika tumbo lote, na nyuma ya kichwa ana alama za kahawia zinazofanana na kinyago. Haruki ovyo. Jike hatagi mayai nje: hubeba kifuko ndani ya mwili wake na kuzaa watoto walio hai. Faida nyingine kwa mtu wa nyanda za juu ni kwamba anahitaji joto ili azaliane, kwa hiyo hata wachache wakitoroka, nyumba ya Uyole haiwafai.

Niliwapata chini ya magunia ya pumba kwenye ghala moja, mzigo uliotoka sehemu za joto. Nilimuuliza mwenye ghala kama huwa anapulizia dawa. "Napulizaje dawa kwenye chakula cha kuku, kaka? Chukua wote, hata bure." Nikawachukua kama mbegu tu. Waliotoka nje sitamlisha mnyama yeyote. Watakaolishwa ni wale watakaozaliwa ndani ya ndoo zangu.

2 Machi 2024: Makazi

Ndoo tatu za plastiki za lita 20, kila moja na mfuniko wake. Ndani nimesimamisha trei za mayai za karatasi, wima kama vitabu kwenye rafu, ili kinyesi kidondoke chini badala ya kubaki kwenye mashimo. Mende wanapenda kujibana, na trei zinawapa nafasi kubwa ndani ya ndoo ndogo. Chakula ni pumba ya mahindi iliyochanganywa na mashudu kidogo ya alizeti, kwenye kifuniko cha chupa. Maji nayaweka kwenye sponji iliyolowa juu ya kisahani, maana kwenye maji ya wazi watoto wanazama.

Mende huyu anapanda plastiki na kioo bila shida. Kinachomzuia ni mkanda wa mafuta ya mgando uliopakwa ndani, upana wa vidole vinne chini ya ukingo. Mfuniko niliukata dirisha na kubandika wavu wa nailoni wa mbu.

Mama mwenye nyumba alikuja kuona. "Mwanangu, sisi tunanunua dawa kuwaua, wewe unawajengea?" Nilimweleza, nikamfungulia ndoo moja aone. Tulikubaliana mambo mawili: ndoo zikae stoo ya nje, na yeye anijulishe kabla ya kupuliza dawa kwenye chumba chochote. Hilo la pili lina uzito kuliko anavyodhani, kwa mende na kwa matangi ya samaki pia.

30 Machi 2024: Wavu umeliwa

Mende wa ndoo ya pili wametafuna wavu wa nailoni pembeni, tundu la kupitisha kidole. Wengi niliwakuta chini ya ndoo yenyewe. Nimebadilisha madirisha yote kuwa wavu wa chuma wenye matundu madogo sana, maana mtoto anayezaliwa ana urefu wa milimita 5 hivi na wavu wa kuku haumzuii. Ndoo nimezipandisha kwenye meza ambayo kila mguu umekaa ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, kwa ajili ya sisimizi. Ukisahau sisimizi, watoto wote wanabebwa usiku mmoja.

21 Aprili 2024: Wazao wa kwanza

Nimemwona jike akiwa amezaa. Watoto weupe kama punje za mchele wamejikusanya chini ya tumbo lake, wakining'inia, huku yeye ameinua mwili kidogo kuwapa nafasi. Baada ya muda rangi yao ilianza kukolea kuwa kahawia na wakatawanyika kwenye trei. Nilipomshika jike kwa vidole alitoa mlio mwembamba, kama mlango usiotiwa mafuta: anasugua ngao ya shingo kwenye mizizi ya mabawa. Ukisikia mlio huo kwenye ghala lako, ujue ni aina hii.

Kwenye joto la nyuzi 30 jike hubeba mimba wiki 5 hadi 6 na kuzaa watoto 20 hadi 40. Mtoto hufika utu uzima kwa miezi miwili na nusu hadi mitatu. Stoo yangu mchana ina nyuzi 23.

15 Juni 2024: Baridi

Hakuna uzazi mpya tangu katikati ya Mei. Asubuhi kipimajoto cha ndani ya stoo kinasoma nyuzi 11, mchana hakivuki 19. Mende wako hai, wamejibana katikati ya trei, hawagusi pumba. Sakafuni mwa ndoo naokota vifuko vya mayai vilivyokauka, vya njano, kama maharage madogo yaliyosinyaa. Jike akipata shida, ya baridi au ya kusumbuliwa mno, hukitupa kifuko kabla ya wakati, na kilichotupwa hivyo hakizai kitu. Kwa hiyo hasara ya baridi ni kubwa kuliko kuchelewa tu: kizazi kizima kimepotea.

Njia nilizojaribu: kwanza balbu ya LED, ambayo haitoi joto la maana. Halafu balbu ya zamani ya wati 60 ikining'inia juu ya ndoo zisizofunikwa kitu. Hiyo ilikausha upande wa juu, chini kukabaki baridi, na mafuta ya mgando karibu na balbu yakayeyuka na kuchuruzika hadi mende wakapita. Ikiwaka muda wote inakula uniti 1.44 kwa siku, yaani uniti 43 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 hivi ninazolipa kwa uniti ni zaidi ya 15,000 kila mwezi, na joto lenyewe linapotea hewani.

Jirani alinishauri chungu cha mkaa, kama tunavyofanya kwa vifaranga. Kwenye banda la kuku lenye upenyo wa hewa, na mtu akiwa karibu, watu wanafanya hivyo. Ndani ya stoo iliyofungwa usithubutu. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu kila msimu wa baridi, na stoo iliyojaa trei za karatasi ni moto unaosubiri cheche.

6 Julai 2024: Kasha la joto

Hii ndiyo hatua iliyogeuza mradi, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Fundi amenitengenezea kasha la mbao za msonobari lenye kuta mbili, zikiwa na nafasi ya sentimita 8 kati yake. Nafasi hiyo tumeijaza maranda makavu, pande zote na chini. Huku kwetu maranda hayana shida. Mashine za mbao za Mafinga, zinazotegemea msitu wa Sao Hill, zinayatoa kwa malori. Kama uko upande wa Mbarali au Kyela, pumba ya mpunga inafanya kazi ileile. Ndoo zote tatu zinaingia ndani, na mfuniko wa juu umefunikwa blanketi kuukuu.

Balbu ya wati 60 imefungwa chini ya kasha, ndani ya kopo la bati la maziwa lililotobolewa matundu, mbali na mbao na mbali na plastiki. Kopo linapata joto na kulisambaza polepole, na mende hawaoni mwanga, jambo wanalolihitaji. Ndoo zimekaa juu ya vipande vya matofali ili hewa ya moto ipite chini. Themostati ni ile inayotumiwa na mafundi wa mashine za kutotoleshea vifaranga. Nimeinunua soko la Mwanjelwa na fundi akanifungia. Inawasha kwenye nyuzi 27 na kuzima kwenye 30. Kihisio chake nimekiweka katikati ya ndoo, usawa wa trei. Kwanza tulikining'iniza karibu na mfuniko, na huko juu kulisoma nyuzi 30 wakati sakafu ya ndoo iko 22.

Umeme ukikatika, galoni ya lita 5 yenye maji ya moto, iliyofungwa kitenge, inaingia kwenye pembe. Kwa kuta hizi inalisukuma kasha hadi asubuhi bila kushuka chini ya 20.

Tatizo jipya ni ukavu. Hewa ikikauka, mende anashindwa kujivua gamba vizuri na anakufa nusu ameshatoka. Nimeongeza sponji ya pili kwa kila ndoo, na mafuta ya mgando sasa napaka nje ya njia ya joto, upande wa mbali na kopo.

18 Agosti 2024: Kabichi

Uzazi ulikuwa umerudi vizuri. Kisha ndoo ya kwanza ikafa karibu yote, usiku mmoja. Niliwakuta chali, miguu ikitetemeka, wengine wakizunguka kwa mgongo. Kutetemeka kwa namna hiyo ni dalili ya sumu ya mishipa ya fahamu. Joto lilikuwa sawa na pumba ilikuwa ileile ya ndoo nyingine. Kilichotofautiana ni majani ya nje ya kabichi ya sokoni, niliyoiwekea ndoo hiyo peke yake.

Kabichi inapulizwa sana kwa ajili ya viwavi wake, na majani ya nje ndiyo yanayobeba dawa nyingi. Viazi mviringo na nyanya navyo vinapulizwa sana huku kwetu. Mende wale nimewachoma. Sikumpa kuku hata mmoja, na nakusihi usimpe, maana sumu inahama pamoja na mdudu.

Utaratibu wa sasa: mboga zinatoka kwenye bustani yangu, majani ya maboga na matango, au karoti iliyomenywa ganda na kuoshwa. Kitu chochote kipya kinatangulia kwenye chupa yenye mende wachache kwa siku mbili kabla hakijaingia kwenye ndoo. Maganda ya ndizi nayaosha.

Watu wa Rungwe wataniuliza parachichi, kwa sababu kule linaoza chini ya miti. Nimeliacha. Majani, ganda na kokwa lake vina kemikali iitwayo pasini ambayo ni sumu kwa ndege na samaki, na mende aliyejaza tumbo analipeleka moja kwa moja kwa kuku wako.

22 Septemba 2024: Utitiri

Vumbi jeupe linalotembea kwenye pumba ya ndoo ya tatu. Ni utitiri wa nafaka, umeingia kwa sababu pumba ilimwagikiwa maji ya sponji. Hauwali mende, lakini ukijaa unawapanda na kuwasumbua hadi wanaacha kula. Dawa haiwezekani, kwa hiyo nilihamisha mende mmoja mmoja kwenye ndoo kavu, nikachoma trei zote za zamani, nikaanika ndoo juani kutwa nzima. Pumba mpya sasa naikausha juani kabla ya kuiweka, na pumba na sponji zinakaa ncha tofauti za ndoo. Pumba yenye harufu ya ukungu siipokei hata kwa bei ya kutupa.

Wakati wa usafishaji huu kifua kilinibana na macho yakawasha. Kinyesi na magamba ya mende ni chanzo kinachojulikana cha mzio na pumu. Sasa nasafisha nje, nikiwa na barakoa na glovu, nimenyunyizia maji kidogo ili vumbi lisipae. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye pumu, usifuge mende karibu naye.

20 Oktoba 2024: Kulisha

Waliozaliwa Julai wameanza kukomaa, na ndoo zina rika zote. Ninavyovuna: nachomoa trei moja, naikung'utia kwenye beseni lenye mkanda wa mafuta, nachagua madume na tunutu (mende ambao hawajakomaa) wa kati, majike manene yanarudi. Waliochaguliwa wanakaa kutwa moja kwenye chupa yenye karoti na majani ya maboga, ili mnyama apate na kilichomo tumboni mwao. Kisha dakika chache kwenye friji wanapoa na kushikika.

Oska wanamchukua mende mkubwa akiwa bado anapapatika juu ya maji. Nawapa mara mbili kwa wiki, siku nyingine chakula cha punje. Zaidi ya nusu ya uzito mkavu wa mende ni protini, lakini kalsiamu yake ni ndogo mbele ya fosforasi, na ganda ni gumu kusagika tumboni. Goldifishi nawachagulia wale waliotoka kujivua gamba muda huohuo, weupe kama maziwa, laini hata ukiwabonyeza. Wakikaa saa chache ganda linakauka na miiba ya miguu inarudi. Mende asiyeliwa namtoa majini mapema kabla hajaoza na kuharibu maji.

Kambale mwezi Julai hawakumgusa mende yeyote niliyewajaribishia kutoka kwenye tunutu wa ndoo. Maji ya simtanki yalikuwa nyuzi 15, na kambale chini ya 20 hupoteza hamu ya kula. Sasa maji yamefika 21 na wanawalipukia jioni giza likianza. Kwa hiyo kwa samaki wa nje, usizalishe chakula kingi cha kukutana na baridi.

Kwa wenye samaki wa miamba wa Ziwa Nyasa, wale wadogo wa rangi za buluu na njano: wengi wao ni wala mwani, wana utumbo mrefu, na chakula kingi cha nyama huwavimbisha tumbo na kuwaua. Hao mende si chakula chao.

Vifaranga wanapata tunutu wadogo kuanzia wiki ya pili, na unga wa maganda ya mayai yaliyochomwa upo pembeni kwa ajili ya kalsiamu. Kuku wakubwa hawana masharti. Nimeulizwa pia kuhusu kinyonga. Mende wadogo wanamfaa, ila kinyonga ni mnyamapori na kumfuga kunahitaji kibali, kwa hiyo mbegu siwapi waliomkamata porini.

1 Desemba 2024: Gharama hadi sasa

Ndoo tatu 21,000. Trei 3,000. Wavu wa chuma 6,000. Mafuta ya mgando 3,500. Kipimajoto 8,000. Themostati 25,000. Balbu mbili 4,000. Kasha, mbao na ufundi 30,000, na kubeba maranda 2,000. Jumla shilingi 102,500. Zaidi ya nusu ya fedha hiyo imekwenda kwenye joto. Nikianza leo ningejenga kasha kabla ya kutafuta mende.

Umeme wa Julai, mwezi mbaya kuliko yote, kasha lilikula uniti 20 hivi, yaani shilingi 7,000 na kidogo. Oktoba halikufika nusu ya hapo. Pumba na mashudu ni kidogo mno kuhesabu. Wanachokula mwezi mzima kuku mmoja anakimaliza kwa wiki.

Ndoo tatu hazitoshi kuwa chakula kikuu cha kundi la kuku, na sitamshauri mtu aache kununua chakula kwa ajili ya mende. Kwa oska wawili, goldifishi na vifaranga wa msimu zinatosha na zinabaki.

Kinachofuata ni ndoo ya nne, itakayobeba wazazi peke yao ili uvunaji usiwasumbue majike wenye mimba. Anayetaka mbegu aje na chupa yenye mfuniko wa wavu wa chuma, na kasha lake liwe limeshakaa nyuzi 27 kwa wiki nzima. Njiani awafunike vizuri. Hapo Igawilo, jirani na Uyole, asubuhi baridi bado ipo.